Kadi pepe inagoma na hela zimo: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali ya kadi pepe, yaani zile kadi zisizo za plastiki unazopewa namba tu kwenye apu ulipie mtandaoni, yamejaa kweli, na mengi yanafanana, mtu ana kadi, ana salio, anabonyeza lipa halafu anaambiwa imekataliwa basi, hakuna maelezo. Nimechagua yale ambayo kila moja linaonyesha sehemu tofauti malipo yanapokwamia, kwa hiyo hata kama swali sio la kwako pitia tu, unaweza ukakuta jibu lako liko kwa mwenzio.

SWALI: Habari za kazi dada. Nimetengeneza kadi pepe kwenye apu, nikaweka hela, nikienda kulipia naambiwa kadi imekataliwa. Salio naliona lipo, namba nimekopi na kupesti, haziwezi kuwa na makosa. Nimejaribu tena na tena mpaka sasa apu yenyewe imeifunga kadi. Tatizo ni nini?

JIBU: Salama ndugu yangu, pole kwa usumbufu. La kwanza, hiyo kadi usiibonyeze tena leo. Najua mtu akikataliwa mkono unaenda wenyewe kujaribu tena, ila mifumo inayolinda kadi ikiona malipo yaleyale yanakuja mfululizo ndani ya dakika chache inahisi kuna mwizi anabahatisha, na wezi ndo wanavyofanya kweli, wanachukua namba walizoiba wanazipitisha harakaharaka waone ipi inakubali. Ndo maana umefungiwa.

La pili, na hili ndo nataka kila msomaji alishike, kabla hujagusa chochote jiulize nani aliyekataa. Ukibonyeza lipa, ombi linatoka kwenye tovuti linaenda kwa kampuni inayochakata malipo ya muuzaji, hiyo inalipeleka kwenye mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard au mwingine, na mtandao unalifikisha kwa yule aliyekutolea kadi ambaye ndiye anaangalia salio, tarehe ya mwisho, zile namba tatu za usalama na mipaka uliyowekewa, halafu jibu linarudi kwa njia ileile, yote hayo ndani ya sekunde chache. Yeyote hapo katikati anaweza kusema hapana. Na tovuti nyingi zinakuonyesha sentensi ileile kwa sababu zote, tena kwa makusudi, ili mwizi asijue amekosea wapi.

Sasa utajuaje? Fungua apu ya kadi uende kwenye orodha ya miamala. Ukikuta ule muamala upo na umeandikwa umekataliwa, maana yake ombi lilifika kwa aliyekutolea kadi na yeye ndiye aliyekataa, kwa hiyo shida iko upande wa kadi na wao wana sababu yake. Usipokuta chochote, yaani kama vile hujawahi kujaribu, mara nyingi ombi halikufika kabisa, limezuiwa na tovuti au kampuni ya malipo huko mbele, na hapo hata uongeze salio mara kumi halisaidii. Watu wengi wanahangaika kuongeza hela kwenye kadi ambayo haijaulizwa hata hiyo salio.

Ukiongea na huduma kwa wateja usiwaulize tu kwanini kadi haifanyi kazi, waombe namba ya jibu la muamala. Kuna namba za tarakimu mbili zinazotumika kwenye mawasiliano ya kadi na wao wanaziona. 51 ni salio halitoshi. 54 kadi imeisha muda au tarehe imekosewa. 14 namba ya kadi sio sahihi. 57 kadi hiyo hairuhusiwi kwa aina hiyo ya malipo, 61 umezidi kiwango cha hela, 65 umezidi idadi ya mara unazoruhusiwa, 91 mfumo wa mtoa kadi haupatikani kwa wakati huo, na hii ya mwisho ndo pekee hapa ambayo kusubiri kidogo na kujaribu tena kunaleta maana. Halafu iko 05, ambayo inasema tu wamekataa, haisemi sababu, na hiyo ndo inayowasumbua wengi. Ukipewa 05 wabane waangalie kwa kina, waulize mfumo wao wa kuzuia wizi uliona nini, kwa sababu jibu la kweli limekaa huko.

Kwa upande wako naamini ukiomba wakufungulie kadi na ukakaa mpaka kesho yake bila kuigusa, halafu ukaanza kwa kuangalia ile orodha ya miamala, utapata pa kushika.

SWALI: Mimi kitu nachonunua ni 100 na nimeweka 100 kamili kwenye kadi. Wanasema salio halitoshi. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana kabisa. Ile bei unayoiona mwanzo mara nyingi haina kodi, kodi inaongezwa ukurasa wa mwisho baada ya kujaza nchi yako, kwa hiyo 100 inaweza kuwa 115 au 120 na wewe ulishaacha kuangalia. Halafu kama kadi iko kwenye sarafu moja na muuzaji anatoza kwa nyingine kuna kubadilisha fedha, na kiwango anachotumia mtoa kadi sio kile ulichokiona ukitafuta mtandaoni, na wengi wanaongeza asilimia kadhaa ya ada juu yake. Zikipungua hata senti tano mara nyingi muamala wote unakataliwa, kadi ya kujaza hela kwa kawaida haitoi kidogo kilichopo halafu ikusubirie mengine.

Kuna kitu kingine watu hawakijui, hela iliyoshikiliwa. Tovuti nyingi ukisajili kadi zinaijaribu kwanza kwa kiasi kidogo, inaweza kuwa sifuri au kama dola 1, waone kadi iko hai. Hiyo dola haijachukuliwa, imeshikiliwa tu na itarudi, lakini kwa siku hizo chache huwezi kuitumia. Na kama ulijaribu kulipa ukakatiza katikati, au muuzaji alipata idhini halafu oda ikafutwa, inaweza ikawa 100 yako yote imeshikiliwa na wewe unaangalia salio la jumla unaona ipo. Kwenye apu tafuta salio linaloweza kutumika, achana na salio la jumla, zinaweza kuwa tofauti. Ikiwa imeshikiliwa muuzaji anaweza kuiachia mapema ukimwandikia, asipofanya hivyo itajiachia yenyewe baada ya siku kadhaa, saa nyingine wiki na zaidi.

Ushauri wangu weka zaidi ya bei, asilimia kumi juu ya jumla ya mwisho yenye kodi inatosha kwa manunuzi mengi.

SWALI: Dada, tovuti inataka anwani na namba ya posta. Nimejaza ninapoishi kweli, sijadanganya chochote, na bado inakataa. Rafiki yangu anasema nijaze anwani yoyote ya Marekani. Ni sawa?

JIBU: Rafiki yako amekaribia ila hajafika. Anwani inayotakiwa hapo ni ile iliyosajiliwa na kadi. Kuna ukaguzi wa anwani unaofanyika zaidi Marekani, Canada na Uingereza, ambapo muuzaji anatuma anwani uliyojaza na mtoa kadi anailinganisha na aliyo nayo kwenye kumbukumbu zake, na kinacholinganishwa hasa ni tarakimu, yaani namba ya nyumba na namba ya posta. Jina la mtaa ukikosea herufi mara nyingi linapita, namba ya posta ukikosea tarakimu moja ndo imeshaharibika.

Sasa na kadi pepe hapa ndo wengi wanapokwama, kwa sababu anwani ya kadi sio lazima iwe anwani yako. Watoaji wengine wanaipa kadi anwani yao wenyewe kwenye nchi kadi inapotolewa. Fungua apu, bonyeza maelezo ya kadi, shuka chini kabisa chini ya namba na tarehe, ukikuta kuna anwani ya malipo ikopi kama ilivyo, kila sehemu kwenye kisanduku chake. Anza na kuchagua nchi kwanza, maana kwenye fomu nyingi ukibadilisha nchi mwishoni visanduku vingine vinafutika au vinabadilika na wewe hujaona. Ya kupokelea mzigo ni nyingine na hiyo weka unapoishi.

Kama apu haionyeshi anwani yoyote basi tumia ile uliyojisajilia wakati unathibitisha kitambulisho chako. Kubuni anwani hapana. Ukibahatisha tu namba ya posta hailingani, na ukibahatisha mara mbili tatu unajijengea rekodi mbaya kwenye mfumo wa muuzaji, halafu hata siku ukija na kadi nzuri anakuzuia.

Na kama unatumia VPN, yaani ile programu inayofanya intaneti yako ionekane inatoka nchi nyingine, izime wakati wa kulipa. Kadi inasema nchi moja, anwani nchi ya pili, intaneti inaonekana inatoka nchi ya tatu, mfumo wowote wa kuzuia wizi utashtuka.

SWALI: Kwangu inafika mpaka ukurasa wa kuweka namba ya uthibitisho halafu ujumbe hauji. Nakaa nasubiri mpaka ukurasa unajifunga, nikirudia ni yaleyale. Simu iko sawa, meseji nyingine zinaingia.

JIBU: Hatua hiyo ya kuhakikisha anayelipa ndiye mwenye kadi inaitwa 3-D Secure, Visa waliianzisha mwaka 2001 na mitandao mingine ikafuata, toleo la pili likachapishwa 2016 na lile la kwanza likazimwa na mitandao mikubwa mwaka 2022. Ulaya sheria ya kuthibitisha mteja kwa nguvu zaidi ilianza kutumika Septemba 2019, kwa hiyo ukinunua kwa muuzaji wa huko na kadi ya huko ukaguzi huu utakutana nao mara kwa mara.

Angalia kwanza ujumbe unaenda wapi, maana siku hizi wengi hawatumi meseji tena, wanatuma arifa ndani ya apu na wewe unatakiwa uingie ubonyeze kukubali. Unakuta mtu amekaa anaangalia meseji na arifa iko kwenye apu ambayo alishaizima arifa zake zamani. Kwa hiyo kabla hujarudi kulipa washa arifa za apu ya kadi, ifungue uingie kabisa na nywila yako, iache wazi, ndo urudi kwenye tovuti. Kama kweli wanatuma meseji, hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa ndo hiyo unayoitumia na ina namba ya nchi mbele. Wengine wanatuma kwa barua pepe, angalia mpaka kwenye taka.

Halafu kuna hili, usilipie ndani ya ile brauza inayofunguka ukibonyeza linki kwenye mitandao ya kijamii. Ile brauza ndogo inazuia madirisha na ukihama kwenda kusoma namba ukirudi unakuta ukurasa umeanza upya. Kopi linki uifungue kwenye brauza ya kawaida.

Ikishindikana yote waulize waliokutolea kadi swali moja tu, kadi hii imesajiliwa kwenye 3-D Secure au haijasajiliwa? Zipo kadi pepe ambazo hazina kabisa na kwa muuzaji anayeilazimisha hazitapita hata ufanyeje, hapo ni kutafuta kadi nyingine.

SWALI: Mwezi wa kwanza wa huduma nayolipia ilikata vizuri. Mwezi wa pili imekataa na hela zipo. Na kuna huduma nyingine hata hiyo kujaribu bure wanaikataa kadi yangu. Naombeni mnisaidie mimi mwanafunzi na natumia hizo programu kusomea.

JIBU: Pole mdogo wangu, haya ni mambo mawili tofauti, nitayatenganisha.

La mwezi wa pili, angalia kadi yako ni ya aina gani. Zipo kadi pepe za kutumia mara moja, muamala wa kwanza ukipita inajifunga, na hiyo ndo kazi yake. Zipo zinazojifunga kwa muuzaji mmoja, yule wa kwanza uliyemlipa, na hizi kwa malipo ya kila mwezi ni nzuri sana ilimradi muuzaji asibadilishe jina au kampuni anayokatia hela. Zipo pia unazoweka kikomo mwenyewe kwa mwezi, na unakuta mtu aliweka kikomo sawasawa na bei halafu bei ikapanda kidogo au sarafu ikabadilika. Kadi ya mara moja inaleta shida hata kwenye oda ya kawaida, kwa sababu wauzaji wengine wanakata hela pale mzigo unapotoka, na wakiugawa mzigo mara mbili wanakata mara mbili, ya pili inakuta kadi imeshakufa. Kwa kinachojirudia chukua kadi isiyojifunga, na weka hela siku moja au mbili kabla ya tarehe ya kukatwa, kwa sababu ikikataa wengi wanajaribu tena siku zinazofuata na watoaji wengine wanatoza ada kwa kila muamala uliokosa salio, wengine wanaifuta kadi kabisa ikikosa mara kadhaa.

La pili, kukataliwa kwenye kujaribu bure. Tarakimu za mwanzo za kadi, kwa idadi zilikuwa 6 na kuanzia Aprili 2022 Visa na Mastercard wamehamia 8 kwa watoaji wao, zinamwambia muuzaji mtoaji ni nani, nchi gani, na kadi ni ya mkopo, ya akaunti au ya kujaza hela. Kwa hiyo anajua kadi yako ni ya kujaza kabla hata hajauliza salio, na wapo walioamua hawapokei kadi za kujaza kwenye majaribio ya bure kwa sababu watu wanafungua akaunti mpya kila mwezi na kadi mpya. Hapo hujakosea kitu na hakuna cha kurekebisha kwenye kadi. Angalia kama wanapokea njia nyingine ya malipo, au kadi pepe inayotoka moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, maana hiyo tarakimu zake zinasoma ni kadi ya akaunti. Na kwa kuwa wewe ni mwanafunzi waandikie uulize kuhusu bei ya wanafunzi, kampuni nyingi za programu wanayo na baadhi hawadai kadi kabisa.

SWALI: Nimekataliwa kukodi gari kwa kadi pepe, na hoteli nayo ilikubali mtandaoni halafu pale mapokezi wakaikataa. Kwanini wasiseme mapema?

JIBU: Wengi wanasema ila wanaandika chini kabisa kwenye masharti. Hoteli na wakodishaji magari wanashikilia kiasi cha dhamana juu ya bei, na wanataka kuona kadi yenyewe mkononi yenye jina linalofanana na kitambulisho, kadi pepe haina cha kuonyesha. Lipia booking kwa kadi pepe kama inakubali, lakini safiri na kadi ya kawaida kwa ajili ya dhamana, na piga simu uulize kabla hujaondoka.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 17. Kuna kundi la Telegram wanatoa namba za kadi bure, na tovuti inayotengeneza namba za kadi. Nimejaribu, tovuti inasema namba ni sahihi lakini malipo yanakataliwa. Nifanyeje zikubali?

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante kwa kuuliza wazi, nami nitakujibu wazi. Hazitakubali, na uache leo.

Namba ya kadi ina tarakimu ya mwisho inayopatikana kwa hesabu kutoka kwenye zile zilizotangulia. Hesabu hiyo ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM, hataza yake ilitoka mwaka 1960, na kazi yake ni kugundua makosa ya kuandika, ukikosea tarakimu moja ukurasa unaonyesha nyekundu kabla haujatuma chochote. Ni hivyo tu. Tovuti inayotengeneza namba inafuata hesabu hiyo, kwa hiyo namba inaonekana sahihi lakini nyuma yake hakuna akaunti, hakuna mtu, hakuna hela, na ombi likifika kwa mtoa kadi linakufa pale pale.

Zile za kwenye kundi ni mbaya zaidi kwa sababu baadhi ni za watu kweli, zimeibiwa. Ikitokea moja ikapita kuna mtu mahali fulani amepoteza hela yake, na anwani ya intaneti yako, simu yako na akaunti yako zimeandikwa kwenye ule muamala. Huo ni wizi na unashtakiwa. Na hao wanaotoa bure wanapata nini? Mara nyingi wanakuomba uingize faili kwenye simu au ujaze taarifa zako, na wewe ndo unakuwa kadi inayofuata. Toka kwenye hilo kundi, badilisha nywila zako, faili lolote ulilopakua lifute. Kama kuna kitu unakihitaji cha kulipia mwambie mzazi au mlezi, zipo kadi pepe ambazo mtu mzima anafungua kwa jina lake na kukuwekea kikomo, na hizo ni halali kabisa.

SWALI: Nilinunua kitu kwa kadi pepe, nikaifuta kadi, sasa muuzaji anataka kunirudishia hela kwenye kadi ambayo haipo. Nimezipoteza?

JIBU: Hapana mama, tulia. Kurudishiwa hela kunafuata namba ya kadi hadi kwa aliyeitoa, na yeye bado ana kumbukumbu kwamba namba ile ilikuwa ya kwako, kwa hiyo kawaida inaingia kwenye pochi au akaunti iliyokuwa nyuma ya kadi. Ikichelewa zaidi ya siku kumi za kazi, mwombe muuzaji namba ya kumbukumbu ya marejesho, ina tarakimu 23 na kwa Kiingereza wanaiita ARN, halafu uwapelekee waliokutolea kadi pamoja na tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi iliyofutwa. Kwa namba hiyo wanaweza kuifuata hela ilipo. Kama hawatoi ushirikiano andika malalamiko rasmi kwa barua pepe ili uwe na maandishi, usiishie kwenye kuchati tu. Na wengine mnaosoma, kadi mliyonunulia kitu kinachoweza kurudishwa msiifute, igandisheni tu kwenye apu mpaka muda wa kurudisha uishe.